Mgongo wa Laini ya Nyama, Mikono ya Davenport

Ninaishi Rock Island, jimbo la Illinois. Ukivuka daraja la Centennial juu ya mto Mississippi unaingia Davenport, jimbo la Iowa, na ukipanda kilima kwa barabara ya Brady unakikuta Chuo cha Palmer. Hapo ndipo kairopraktiki, ile tiba ya kushughulikia viungo vya uti wa mgongo kwa mikono, ilipoanza kufundishwa. Sikuhamia huku kwa sababu ya mgongo. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukapangiwa mji huu kama walivyopangiwa Wakongo na Warundi wengi tunaosali nao na kufanya nao kazi. Mgongo ulikuja baadaye, nao ulitoka kiwandani.

Kiwanda ni cha ng'ombe. Anaingia upande mmoja mzima, anatoka upande wa pili ndani ya maboksi. Mimi nilikuwa kwenye laini ya kukata: kisu mkono wa kulia, ndoano mkono wa kushoto. Kipande kinakuja kutoka kushoto, unakivuta, unatoa mafuta na kipande cha mfupa, unageuka kulia na kukirusha kwenye mkanda wa juu ulio nyuma ya bega lako. Miguu haigeuki, kwa sababu sakafu ina maji na mafuta na umebanwa na mwenzako huku na huku. Kinachogeuka ni kiuno. Hakuna kipande kimoja kizito cha kukuvunja, na ndiyo maana msimamizi akikuuliza uliumia lini huna jibu. Ni ugeukaji uleule mmoja, shifti nzima, kwenye baridi, na Jumamosi ya ovataimu juu yake.

Maumivu yalianza chini kabisa, upande wa kulia, pale ninapofungia kitenge. Nikiinama kufunga kamba za viatu napata nafuu. Nikijinyoosha kuangalia juu au nikigeuka kulia, yanachoma. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani kwa kujivuta, lakini nikishatembeatembea jikoni, nikachemsha chai, mwili ulifunguka. Siku mbaya yalishuka kwenye tako na nyuma ya paja, ila hayakuwahi kupita goti. Ninaandika mambo haya madogomadogo kwa makusudi. Baadaye niliona kwamba maelezo haya yalikuwa na thamani kuliko picha yoyote niliyopigwa.

Kwetu mgongo una tiba zake za zamani. Baba alikuwa akitoka shambani analala kifudifudi mkekani, ananiita mimi niliyekuwa mwepesi kuliko wote nyumbani, nimkanyage mgongo kwa nyayo. Mifupa inalia, naye anaguna kwa raha. Bibi yeye alichua kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Kwa hiyo mwenzangu wa laini, Mama Furaha, aliponiambia ng'ambo ya mto kuna watu waliosomea kuvunja mgongo, yaani kuusukuma mpaka ulie, na wanalipwa kwa kazi hiyo, nilicheka.

"Hiyo hata mwanangu Amani anaweza, tena bure," nikamwambia.

"Mama Amani, cheka tu," akasema. "Siku utakaposhindwa kuinuka chooni utanitafuta."

Nilianza kwa daktari wa familia, na bado nadhani huo ndio mlango wa kwanza. Aliniandikia ibuprofeni, akanipa karatasi yenye picha za mazoezi, akanituma eksirei. Jibu lilirudi na neno uchakavu: pingili za chini, yaani mifupa ya uti wa mgongo, zimechakaa, na diski, ile mito laini iliyo kati yake, zimepungua kimo. Nilikuwa sijafika miaka arobaini, nikajiona bibi kizee. Hakuna aliyeniambia siku ile kwamba uchakavu wa aina hiyo unaonekana hata kwa watu wasioumwa popote. Mwaka 2015 ilichapishwa tathmini iliyokusanya tafiti za picha za migongo ya watu wasio na maumivu kabisa: dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha inakuonyesha mgongo ulivyo, lakini haikwambii kinachouma ni kipi. Ningejua hilo ningelala vizuri zaidi mwezi ule.

Dawa zilituliza, kisha zikaacha kutuliza. Nikavuka mto.

Ofisi ya kwanza niliyoingia sitaitaja. Ilikuwa kwenye safu ya maduka, inapendeza, kahawa bure. Walinipiga eksirei za uti wote wa mgongo, wakazichora mistari myekundu kwenye kompyuta, wakaniambia shingo yangu imepoteza upinde wake na kwamba pingili zilizohama zinabana mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye figo na tumbo la uzazi. Niliyekwenda kwa ajili ya kiuno nikaanza kuogopea figo. Kisha ukaja mkataba: mwaka mzima, mara tatu kwa wiki kwa kuanzia, punguzo kubwa ukilipa zote leo, na watoto nao waletwe kupimwa. Niliuliza swali moja tu, nitajuaje kwamba nimepona? Yule mama wa mapokezi akaniambia uti wa mgongo ni jambo la maisha yote. Nikachukua mkoba wangu.

Madai yale si mapya, yana umri sawa na taaluma yenyewe. Mwaka 1895, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyewahi kuwa na duka la vyakula na kuuza samaki wa mapambo, alikuwa na ofisi Davenport akitibu watu kwa kuwawekea mikono, uponyaji ulioitwa wa sumaku. Septemba mwaka huo alimshughulikia Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa mfagizi wa jengo hilo. Lillard alikuwa hasikii vizuri kwa miaka 17, tangu siku alipoinama vibaya akahisi kitu kimelia mgongoni. Palmer akaisukuma pingili aliyoiona imejitokeza na, kwa maelezo yake, usikivu ukarudi. Neva ya kusikia hutoka kwenye ubongo na kwenda moja kwa moja sikioni bila kupita mgongoni, kwa hiyo kisa hicho hakielezeki kirahisi na mtu yeyote aliyesoma mwili. Lakini Palmer alijenga juu yake nadharia nzima, akaandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yanatokana na pingili zilizosogea. Mwaka 1897 akaanzisha shule. Mwaka 1906 akatiwa jela hapohapo Davenport kwa kutibu bila leseni.

Madaktari walipigana na watu wa kairopraktiki kwa miongo mingi. Louisiana, jimbo la mwisho la Marekani kuwapa leseni, lilifanya hivyo mwaka 1974. Mwaka 1987 jaji wa shirikisho, Susan Getzendanner, aliamua kwamba Chama cha Madaktari cha Marekani kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwasusia. Mimi si mtu wa kesi, lakini historia hii ilinisaidia kuelewa kwa nini ndani ya taaluma moja nilikuta watu wawili tofauti kabisa. Wapo ambao bado wanahubiri kwamba pingili ndiyo mzizi wa magonjwa. Wapo wengine wanaotibu viungo vinavyouma, basi, na wakifika mwisho wa uwezo wao wanakuelekeza kwingine. Leseni ukutani ni ileile, kwa hiyo usitegemee leseni ikutofautishie.

Nilimpata mtu wa aina ya pili kwenye kliniki ya chuo cha Palmer, ambako wanafunzi walio karibu kuhitimu hutibu watu chini ya usimamizi wa madaktari wa kairopraktiki wenye leseni. Wangu alikuwa kijana mrefu, mtoto wa mkulima wa mahindi, mwenye mikono mikubwa na aibu nyingi. Kwenye spika ya simu alikuwepo mkalimani mwenye Kiswahili cha Mombasa, kitamu mpaka nilisahau maumivu nikamsikiliza yeye.

Siku ile ya kwanza hakunivunja chochote. Maswali tu. Maumivu yanapita goti? Ukikohoa yanaruka mguuni? Umepungua uzito bila sababu? Unatokwa jasho usiku, una homa za jioni? Uliwahi kuugua kifua kikuu, au kuishi na mgonjwa wake? Unakojoa kawaida? Kuna ganzi sehemu unazokalia? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au steroidi kwa muda mrefu? Uliwahi kuanguka?

Kwenye kifua kikuu nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilimkumbuka binamu yangu. Kule kambini aliumwa mgongo, katikati, juu ya kiuno. Watu wakamchua. Akaja mzee mmoja hodari wa kunyoosha mifupa, akamkandamiza kwa goti. Maumivu yakazidi, homa za jioni zikaja, kikatokea kigongo kidogo kinachoonekana hata kwenye shati, kisha miguu ikaanza kulegea. Alipofikishwa hospitali akakutwa na kifua kikuu cha pingili. Ugonjwa huu hula mfupa kwa mbele mpaka pingili inaporomoka, na daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza tangu mwaka 1779. Binamu yangu alimeza dawa miezi mingi na akatembea tena, ingawa kigongo kilibaki. Mfupa ulioliwa vile ukiusukuma kwa nguvu unaweza kumpoozesha mtu. Kwa hiyo yule kijana wa mahindi aliponiuliza habari za homa za jioni, nilimwamini kabla hajanigusa. Kwetu sisi tuliotoka Maziwa Makuu swali hilo si la kujaza fomu. Anayetaka kukunyoosha mgongo bila kukuuliza hivyo, muage kwa adabu uende zako.

Baada ya maswali akanipima. Nilitembea kwa vidole vya miguu, nikatembea kwa visigino. Akanigonga magoti na vifundo kwa kinyundo, akaninyanyua mguu ulionyooka nikiwa nimelala chali, akanikwaruza nyayo. Hayo yote ni kuhakikisha kwamba hakuna neva inayobanwa. Kisha akanisimamisha, akaniinamisha nyuma huku akinigeuza kulia. Nikapiga kelele. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichotarajia, akamwita msimamizi wake.

Msimamizi, mama wa makamo, alinionyesha mgongo wa plastiki. Pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Chini yake mfupa wa pembetatu unaokaa kati ya nyonga. Mbele, kati ya pingili na pingili, kuna diski inayobeba uzito. Hiyo kila mtu anaijua kwa jina. Kitu ambacho sikuwahi kukisikia ni kwamba nyuma ya kila diski kuna viungo viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto, vinavyoiunganisha pingili ya juu na ya chini. Ni viungo kamili: vina gegedu laini usoni, ute ndani, na mfuko unaovizunguka. Kazi yake ni ya bawaba za mlango, kuruhusu mwendo fulani na kuzuia mwingine. Ukiinama mbele nyuso zake zinaachana, ukijinyoosha nyuma zinabanana, na ukijinyoosha huku unageuka, upande mmoja unabebeshwa mzigo ambao kawaida ungekuwa wa diski. Ule mfuko una neva nyingi. Ukikereka unauma, na misuli iliyo juu yake hukakamaa kuulinda, nao ukakamavu huo unakuwa maumivu mengine.

"Kwa hiyo mfupa umetoka mahali pake?" nikauliza, maana ndivyo tunavyosema nyumbani, na ndivyo walivyosema kule kwenye kahawa ya bure.

"Hapana," akasema. "Ungekuwa umetoka kweli, usingekuwa umesimama hapa, ungekuwa kwa daktari wa upasuaji. Kiungo kipo mahali pake. Kimekereka, na hakichezi vizuri."

Akaongeza jambo ambalo lilinifanya nimheshimu. Alisema dalili zangu zinafanana na za viungo vya nyuma, lakini hakuna kipimo cha mikono kinachoweza kuthibitisha hilo kabisa, na hata kiungo kati ya mfupa wa pembetatu na nyonga kinaweza kuuma karibu hivyohivyo. Uthibitisho ungetaka sindano ya ganzi kwenye neva za kiungo chenyewe, na kwa hali yangu haikuwa na haja. Tungejaribu kwa majuma machache. Kama hapana mabadiliko, tungeacha. Nilipata jibu la swali langu la mwanzo bila kuliuliza.

Sasa kuhusu kuvunjwa kwenyewe, maana najua ndicho mnachotaka kusikia. Nililazwa ubavu wa kushoto, mguu wa juu umekunjwa, bega limesukumwa nyuma kidogo. Kijana akaninyoosha mpaka mwili ukafika mwisho wa mwendo wake, akaniambia nitoe pumzi, kisha akasukuma mara moja, kwa haraka sana na kwa umbali mfupi sana. Mlio ukatoka. Nilitarajia maumivu, nikapata joto na mshangao. Nilipoinuka nikajaribu kugeuka kulia, nikageuka. Si kwamba maumivu yalikwisha. Yalirudi nyuma hatua moja, nikapata nafasi ya kupita.

Nilidhani mlio ule ni mfupa unaorudi kwenye nafasi yake, na ukweli ulinifurahisha zaidi. Ni jambo lilelile la kuvunja vidole. Nyuso za kiungo zikiachana ghafla, mgandamizo wa ute ndani unashuka, na gesi iliyoyeyuka humo inajitokeza na kutengeneza uwazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 2015 walionyesha jambo hilo kwa kuvuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili: uwazi ulionekana papo hapo kiungo kilipoachana. Ndiyo maana ukishavunja kidole huwezi kukivunja tena mara moja, inabidi kusubiri kama dakika 20. Na mlio wenyewe si kipimo cha tiba. Zipo siku ambazo hakikulia kitu nami nikapata nafuu, na zipo siku kililia kama mahindi ya kukaanga nisione tofauti.

Kinachosaidia basi ni nini? Nilivyoelezwa, nyuso za kiungo zinapata nafasi kidogo kwa muda, mfuko unanyooshwa, na taarifa inayotoka kwenye kiungo kwenda kwenye neva inabadilika, hivyo misuli inalegeza ulinzi wake na ubongo unapunguza kengele. Ni athari ya muda. Saa chache, siku chache. Na hapa ndipo niliposimama kutofautiana na Mama Furaha, ambaye huenda kila mwezi akisema anakwenda kupangwa upya. Mimi naona mkono wa yule kijana ulinifungulia dirisha, na mlango ulikuwa ni kile nilichofanya dirisha likiwa wazi.

Nilichofanya ni mazoezi, ambayo mwanzoni niliyaona ya kitoto. Kupiga magoti na mikono chini, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kutulia, kubadilisha. Kulala chali na kunyanyua makalio. Kutembea, hata kwenye theluji, kuzunguka mtaa. Zaidi ya yote, kijana alitaka nimwonyeshe ninavyofanya kazi. Nikasimama katikati ya chumba na kisu cha hewa, nikamwonyesha: vuta, kata, geuka, rusha. Akaangalia, akaita wenzake waangalie. Kisha akaniuliza kama miguu haiwezi kabisa kugeuka. Hakuna daktari aliyekuwa ameniuliza hivyo. Tulikubaliana niuweke mguu wa kulia nyuma kidogo, hatua nusu, ili nyonga igeuke pamoja na mabega, na nimwombe msimamizi anibadilishie upande wa laini kila baada ya mapumziko. Kubadilishiwa upande kulichukua muda mrefu na barua, na sitasimulia vita vile. Lakini nilipopata, mgongo ulijua.

Siku iliyofuata tiba ya kwanza niliamka naumwa mwili kama niliyelima. Walikuwa wamenionya: maumivu ya namna hiyo ni ya kawaida, huisha ndani ya siku moja au mbili. Kuhusu shingo nilikataa, wala hawakunilazimisha. Kusukuma shingo kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayopanda ubongoni na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini shingo yangu haikuwa inauma, na sioni kwa nini mtu akanunue hatari, hata ndogo, kwa ajili ya kitu asichokihitaji.

Na kwa wale wanaoniuliza kama tiba hii imethibitishwa, jibu langu huwa refu kidogo. Imethibitishwa kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na Desemba 2023 likatoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Tiba ya kusukuma viungo vya mgongo imo kati ya njia linazopendekeza, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, lakini haliungi mkono mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unasema tiba ya mikono itolewe tu ikiwa pamoja na mazoezi. Tafiti zinapopima nafuu, hukuta nafuu ya wastani, isiyozidi sana ile ya njia nyingine. Kwa pumu, kwa shinikizo la damu, kwa mtoto anayekojoa kitandani? Hapo sioni sababu ya kumpa mtu fedha yangu.

Kwa wenzangu wa viwandani niseme pia jambo la mto. Ukiumia kazini upande wa Illinois, sheria ya fidia inakupa nafasi ya kuchagua daktari wako. Upande wa Iowa mwajiri ndiye anayechagua. Daraja moja tu, lakini watu wengi wameshavuka kwenda kutibiwa bila kujua hilo, kisha bili ikawarudia.

Mara ya mwisho nilivuka kwa ajili ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayeendesha forklifti kwenye ghala. Alikuwa anaumwa kiuno kwa wiki kadhaa, amesikia habari zangu, naye anataka mlio wake. Yule kijana wa mahindi alikuwa keshahitimu na kuondoka, tukapata msichana mwingine. Shemeji alijibu maswali kwa haraka, kama mtu anayesubiri chakula. Ndiyo, yanapita goti. Ndiyo, yanafika kwenye kidole gumba cha mguu, kuna ganzi. Lile la kandambili kuvuka mguuni akitembea hakulisema yeye, nililisema mimi, kwa sababu nilikuwa nimeliona nyumbani.

Msichana akamwambia atembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulitii, wa kulia ukabaki unapiga sakafu. Akamwambia avute kidole gumba juu dhidi ya mkono wake, na kidole hakikuwa na nguvu ya kumshinda. Msimamizi akaja, akarudia vipimo vyote mwenyewe, akasema leo hatumsukumi mtu. Akaandika barua kwa daktari bingwa wa mgongo, akapiga simu mbele yetu, na kumweleza shemeji, pole pole kupitia mkalimani, kwamba kama usiku huo atashindwa kukojoa au atapata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, asisubiri asubuhi, aende chumba cha dharura.

Shemeji alinuna njia nzima ya kurudi. "Nimepoteza shifti," akasema tukiwa juu ya daraja. "Wewe wamekuvunja mwezi mzima, mimi hata mlio mmoja?"

MRI ilionyesha diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetoka na kukandamiza neva inayoinua mguu. Akafanyiwa upasuaji, akakaa nje ya kazi miezi kadhaa, mguu ukarudi karibu wote, ila kidole gumba bado ni kivivu. Amerudi kwenye forklifti. Tukikutana Jumapili mezani, mtu akitaja mgongo tu, humwambia mume wangu kwamba watu wa Davenport wana deni lake, na kwamba ipo siku atarudi kuudai mlio wake.